Nani Alipie Ukuta wa Rongoma

1. TANGAZO KWA UMMA

Wananchi wa Rongoma ya Juu na Rongoma ya Chini mnaarifiwa kwamba serikali za nchi zote mbili zimekubaliana kujenga ukuta wa mpaka utakaopita katikati ya mji, kwa lengo la kuzuia magendo. Jambo moja tu halijaafikiwa, nalo ni nani atakayeulipia. Kikao cha pande mbili kitafanyika siku ya Alhamisi katika ukumbi wa ushirika. Mnakaribishwa kutoa maoni.

*(Chini yake, kwa kalamu ya mtu mwingine: Na sisi tusioutaka, tukae wapi?)*

2. Sisi, watu wa Rongoma

Wewe usiyetujua, sogea tukueleze.

Rongoma ni mji mmoja uliowekwa ndani ya nchi mbili. Ya Juu ina rais wake na ya Chini ina wake. Katikati pana uwanja wa nyasi ambapo mbuzi wanalisha bila kuulizwa pasipoti. Huku Juu tunasema hoteli, kule Chini wanasema mgahawa, na chai ni ile ile. Huku ukimsalimia mtu anakujibu poa. Kule usipoanza na shikamoo utatazamwa mpaka uikumbuke.

Tuliishi hivyo. Kisha wakaja wapima ardhi na vigingi vyekundu, wakavipiga kwa mstari ulionyooka kama uzi wa fundi. Kimoja kilipita nyuma ya kanisa. Kingine kikaingia kwenye shamba la vitunguu. Na kimoja wakakipiga kati ya jiko la Wakesho, ambaye ni wa Juu, na banda la mbuzi la Elieskia, ambaye ni wa Chini.

Kati.

Hawakujua wanachokikata. Sisi tulijua, mji mzima, ila tulikuwa tumejifanya hatujui kwa heshima ya wahusika.

3. Wakesho, mwenye hoteli

Nilifiwa na mume binti yangu Mkamburi akiwa hajaanza shule. Nikafungua hoteli, nikaoka mikate, nikamsomesha mpaka akawa muuguzi. Mambo ya wanaume nikayakunja nikayaweka mbali, kama nguo ya msimu mwingine.

Mwaka juzi tanuri langu lilipasuka. Nikaambiwa kuna fundi wa matofali kule Chini, mjane kama mimi, mkono wake hauna mfano. Akaja Elieskia. Hakuwa na maneno mengi. Akaliziba tanuri, akanywa chai, akaenda. Wiki iliyofuata akarudi kuangalia kama limekauka. Lilikuwa limekauka. Akarudi tena kuona kama kizingiti cha mlango kimelegea. Hakikuwa kimelegea, lakini nilimwacha akirekebishe, na nilikaa pale pale nikimwangalia akikitengeneza kitu kizima kwa uangalifu mkubwa sana, na ndani yangu kitu kikaanza

Basi. Mtu mzima haelezi kila kitu.

4. Elieskia, fundi

Nimejenga kuta tangu ujana wangu. Kila ukuta nilioujenga ulikuwa na watu waliotaka kulala ndani yake. Walikuja na chai, wakauliza dirisha litakaa wapi.

Mkandarasi mmoja alinifuata kabla hata pesa za ukuta wa mpaka hazijapatikana. Akaniambia nijiandae, kazi itakuwa kubwa, nitapata msingi wa kipande chote cha hapa. Nikamuuliza dirisha litakaa wapi. Akacheka. Akadhani natania.

Jioni ile nikavuka uwanja nikamwambia Wakesho kwamba nataka kupeleka washenga. Alikuwa anakanda unga. Hakuniangalia. Akasema nilikuwa nimechelewa sana, alishaanza kufikiria aniletee yeye.

5. Mkamburi, binti wa Wakesho

Watu walisema nina wivu. Sikuwa na wivu. Mzee Elieskia nilimpenda kabla mama hajakiri kwamba anampenda yeye.

Niliogopa ukuta. Mama akiolewa atahamia Chini. Ukuta ukijengwa, geti litakuwa barabara kuu, na kutoka hapa mpaka huko kwa mguu ni kutwa nzima. Tulilala kitanda kimoja, mimi na mama, mpaka nilipokwenda chuoni. Hakuna mtu mwingine duniani anayejua kwamba nikiwa na homa huwa naomba ugali wa baridi. Ningemwona wapi? Kwa simu?

Nikamwambia tungoje kwanza tujue hatima ya ukuta. Akafuta mikono kwa aproni. Akaniambia kwa upole kwamba yeye kungoja ameshangoja, na kama mimi nimepata njia ya kungoja inayorudisha miaka, nimfundishe.

Nikaenda kwa mjomba wangu, Mzee Mwakio, ambaye ndiye angepokea posa kwa niaba ya ukoo. Nikamwomba sharti moja: asikubali lolote mpaka upande wa bwana harusi utoe ahadi kwamba sitatenganishwa na mama. Mjomba akasema hilo ni haki, na ataliuliza mbele ya watu. Siku ikapangwa. Jumamosi, ukumbi wa ushirika.

6. TANGAZO LA MAREKEBISHO

Kutokana na sababu zisizozuilika, kikao cha kujadili malipo ya ukuta kilichopangwa Alhamisi sasa kitafanyika Jumamosi, mahali ni pale pale. Usumbufu wowote unasikitisha.

*(Tangazo hili lilibandikwa Ijumaa alasiri kwenye ofisi ambayo Ijumaa alasiri hufungwa.)*

7. Karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ukumbi, hati ya Mkamburi

KARIBUNI SANA.
WAGENI WA UPANDE WA JUU WAKAE KULIA.
WAGENI WA UPANDE WA CHINI WAKAE KUSHOTO.
CHAKULA BAADA YA MAZUNGUMZO.

8. Yaliyosikika mlangoni, Jumamosi

— Hawa wenye suti ni akina nani?

— Watakuwa ndugu wa Elieskia wa mjini.

— Na yule mama mwenye mkoba?

— Huyo amekaa upande wetu. Shangazi wa Wakesho, nadhani. Anafanana naye paji la uso.

— Sikujua Wakesho ana shangazi serikalini.

— Wewe unajua nini. Piga kigelegele, wanaingia.

9. Karani aliyefuatana na Bi. Ontiri

Mimi nilitoka mji mkuu wa nchi ya Juu pamoja na bosi wangu, Bi. Ontiri, katibu wa mambo ya mipaka. Nchi ya Chini ilimleta Bwana Mlelwa, mwenye cheo kama hicho. Tulikuwa tumejiandaa kuzomewa. Badala yake tulipokewa kwa vigelegele, tukavishwa kanga mabegani, na harufu ya pilau ilikuwa inatoka nyuma ya ukumbi. Bi. Ontiri aliniinamia akaniambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kupokewa hivi kwa ajili ya ukuta.

Tulikuta viti vimepangwa vizuri, Juu kulia, Chini kushoto. Mzee mmoja wa upande wetu, Mzee Mwakio, alifungua kwa kusema pande mbili zimekutana kwa jambo zito, na kwamba jambo zito halina budi kuanza na swali la malipo. Nikaandika. Niliona ni mzee mwenye kujua ajenda.

Bwana Mlelwa akasimama. Akasema upande wa Chini unawaheshimu majirani, lakini ukweli usemwe: upande wa Chini haukulitaka jambo hili. Walioanza kulitaka, wakaja mbio na kusukuma, ni upande wa Juu. Kwa hiyo upande wa Juu ndio ulipe.



Mzee Mwakio akasimama polepole. Akauliza kama amesikia vizuri, kwamba wao ndio waliokwenda mbio. Akasema mwanamke huyu ameishi kwa heshima, mji mzima unamjua, na hajawahi kumkimbilia mtu. Alikuja fundi. Alikuja mwenyewe, tena na tena, hata pasipokuwa na kitu cha kutengeneza.

Sikuelewa mwanamke aliingiaje, lakini Bi. Ontiri alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Aliniambia kwamba wazee wa huku huita nchi kwa jina la mama. Nikaandika hivyo.

Hapo upande wa kushoto akainuka mzee mfupi wa koti la kahawia, Mzee Mbaga. Alionekana kama mtu ambaye nyumba yake inaungua. Alimnyooshea Bwana Mlelwa kidole na kusema kwamba bwana huyo hamjui ametoka wapi, na hakumtuma. Kisha akageukia upande wetu, akainamisha kichwa.

"Sisi ndio tuliotaka," alisema. "Sisi ndio tuliokuja. Na sisi tutalipa, chochote mtakachotaja, wala hatutaomba mpunguze."

Kalamu yangu ilisimama. Bi. Ontiri akanikanyaga mguu chini ya meza, maana yake niandike haraka kabla hawajabadili mawazo. Nchi nzima ya Chini ilikuwa imekubali kulipa.

Bwana Mlelwa alikuwa ameketi bila kukusudia.

10. Kutoka kwenye daftari la karani, ukurasa ambao baadaye ulikunjwa

*Azimio la kwanza:* Upande wa Chini utalipa chote.

*Azimio la pili (limetolewa na Mzee Mwakio baada ya kutafakari):* Upande wa Juu hauuzi mtu. Wapunguze. Watoe ng'ombe, mablanketi ya wazee na kanga za shangazi, inatosha.

*Azimio la tatu:* Bi. Ontiri ameomba ufafanuzi kuhusu

11. Mkamburi

Nilikuwa nyuma, kwenye masufuria, sijui linaloendelea. Shangazi mmoja akaja mbio akaniambia ndugu wa Elieskia wametugeuzia kibao, na kuna mama wa upande wetu mwenye mkoba anauliza mablanketi yatafunika kilomita ngapi.

Kilomita.

Nikaacha mwiko. Nilipoingia nikamtambua Bwana Mlelwa, picha yake ilikuwa kwenye tangazo la kwanza. Alikuwa ana kanga ya shangazi yangu begani na uso wa mtu aliyepoteza nchi. Nikatembea mpaka katikati, nikaomba radhi kwa wazee kwa kuwakatiza, nikawaambia kwamba humu ndani mnazungumzwa mambo mawili. Hawa wawili na karani wao wamekuja kwa ukuta. Wengine wote wamekuja kumposa mama yangu.

Watu wote wakageuka kuwatazama wenye suti.

Kisha Mzee Mbaga, mshenga wa Elieskia, akamgeukia Bwana Mlelwa, akamtazama kuanzia viatu mpaka kanga. Akamuuliza kwa sauti ya chini kama kweli si mtoto wa dada yake Elieskia wa mjini. Bwana Mlelwa akasema hapana, mzee, shikamoo. Na hapo akaanza kucheka. Alianza kidogo, kama mtu anayekohoa, kisha akashindwa kujizuia, akashika meza. Bi. Ontiri akajificha uso kwa mkoba. Mabega yake yalikuwa yanaruka. Ukumbi mzima ukawafuata kwa kicheko. Akina mama walianguka mmoja juu ya mwingine. Mjomba Mwakio, ambaye sijawahi kuona meno yake ya nyuma, siku ile niliyaona yote.

Kicheko kilipopungua walitaka kuondoka kwa aibu. Mjomba akawazuia. Alikuwa bado anapangusa machozi, lakini sauti yake ilikuwa imerudi.

"Kaeni," akasema. "Kuna swali nilikuwa nimewaandalia wakwe, na wakwe hawana jibu lake. Nyinyi ndio wenyewe. Ukuta ukisimama, huyu binti atamfikia mama yake kwa mlango gani?"

Bi. Ontiri akafungua mkoba, akatoa ramani. Akaifuata kwa kidole, mara ya kwanza na mara ya pili. Bwana Mlelwa akainama juu yake, mabega yao yakagusana. Nchi mbili zilikuwa zinatafuta mlango kwenye karatasi.

"Hapa hapana geti," akasema Bi. Ontiri. "Sikudanganyi, mwanangu. Halipo."

Bwana Mlelwa akasema wamekaa vikao vingi kujadili nani alipe. Swali hili hakuna aliyewahi kuwauliza.

Nilidhani nitakasirika. Badala yake nikafikiria kwamba nikisema hapana sasa, mbele ya watu wote hawa, itakuwa hapana ya milele, na mama ameketi nyumba ya jirani na kanga mpya kichwani akingoja nyimbo zianze.

Kisha Mzee Mbaga akakohoa. Akasema ana ujumbe aliopewa na Elieskia, na aliambiwa autoe endapo tu binti ataonekana na huzuni. Alikuwa ameanza kuhofia kwamba hautahitajika.

Alisema hivi: Elieskia ameona vigingi kama kila mtu. Anajua mke huenda kwa mume. Lakini siku mafundi watakapoweka jiwe la kwanza la ukuta, iwe yeye ameoa jana au miaka kumi nyuma, atafunga milango ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, atawagawia jirani mbuzi wake, na atavuka yeye kuja Juu pamoja na mke wake, kabla ukuta haujafika kiunoni. Atazeeka kwenye nchi isiyo yake. Hilo halimsumbui. Linalomsumbua ni mtoto wa watu kukosa mama.

Mtoto wa watu. Mimi, mtu mzima, mwenye kazi ya serikali.

Wao walikuwa wamejadili kutwa nzima nani alipe. Mimi nilikuwa nimeshampata.

Nilikwenda nikaichukua kanga iliyokuwa begani kwa Bwana Mlelwa, nikamvika Mzee Mbaga, na kwetu hiyo ni ndiyo. Nyimbo zilianza kabla sijafunga fundo.

12. Yaliyosikika kwenye pilau

— Mheshimiwa, ongeza kachumbari.

— Hii nyama ya mbuzi wa nchi gani?

— Alilala Chini, akala nyasi za Juu. Aamue mwenyewe huko tumboni.

— Bi. Ontiri, nyinyi mkilipa nusu...

— Bwana Mlelwa, tunakula.

13. TAARIFA YA PAMOJA KUHUSU KIKAO CHA RONGOMA

Ujumbe wa nchi zote mbili ulikutana na wananchi katika hali ya ukarimu mkubwa. Kila upande umeshikilia kwamba upande wa pili ulipe. Katika mjadala limejitokeza suala jipya la kiufundi, yaani kutokuwepo kwa mlango, ambalo linahitaji uchunguzi wa kina, ziara zaidi za Rongoma na, ikiwezekana, uchoraji upya wa ramani. Gharama za ramani hiyo mpya zitabebwa na

*(Hapa taarifa ina nafasi wazi. Tumeambiwa pande mbili bado zinaijadili.)*

14. Sisi, watu wa Rongoma

Unataka kujua kama ukuta utajengwa. Hata sisi tunataka kujua. Vigingi bado vipo. Vingine vimeota kutu, viwili vimepotea, na hatumshuku mtu. Kuna siku gari la serikali hupita taratibu, tunasimama tulivyo na majembe, na halisimami. Kuna siku linasimama, anashuka Bwana Mlelwa, anauliza kama hoteli imefunguliwa.

15. Wakesho

Tulifunga ndoa kanisa la Juu, asubuhi yenye jua la kupendeza. Ningeweza kukatiza uwanja kama siku zote, lakini Mkamburi alikataa. Alisema mama yake haolewi kwa njia ya mbuzi. Alitaka nipite kituo cha mpaka, kwa pasipoti, niandikwe, ijulikane.

Basi wakakodi lori. Tukaenda mpaka barabara kuu, ukoo mzima nyuma ukiimba, Elieskia kando yangu na suti inayombana shingo. Kituoni tukashuka. Nikapanga mstari na shela langu, nyuma ya madereva wa malori. Mmoja wao alinipisha, kisha wote wakanipisha.

Afisa alikuwa msichana mdogo wa nchi ya Chini. Alinipa shikamoo, akafungua pasipoti yangu, ambayo haikuwa na hata doa.

"Mama unatoka wapi?"

"Kwangu."

"Unakwenda wapi?"

Nikatazama mbele. Elieskia alikuwa ameshapita, amesimama upande ule, kofia mkononi.

"Kwangu," nikasema.

Akatabasamu, akaandika, sijui aliandika nini. Kisha akashuka na kalamu mpaka mstari wa mwisho. Nyuma yangu nyimbo zilikuwa zimekoma. Nilimsikia Mkamburi akivuta pumzi.

"Na utakaa siku ngapi?"

Nilifikiria vigingi. Nilifikiria ile ramani isiyo na mlango, na wale wanaobishana, na kwamba huenda kesho wakapatana.

"Zote," nikamwambia.

Msichana akaangalia fomu. Pale pa kujaza pana visanduku viwili tu vya tarakimu. Akaniangalia mimi. Akamwangalia Elieskia. Akaiangalia tena fomu, na kalamu yake ikabaki hewani, na kutoka nyuma mtu akaanza kuimba, na